Kutoka Dawati la Mapokezi, Ghala

Azzani, mwana wa dada yangu,
ujumbe wako umenikuta macho saa sita ya usiku:
"Mamdogo, nimepeleka maombi themanini,
hata wa kuniambia hapana hakuna."

Themanini ni kumwaga mchele, baba, si kuupika.

Nisikilize mimi, ambaye miaka kumi na moja
nakaa nyuma ya kioo hiki,
kiyoyozi kikinipiga bega la kushoto,
na bahasha za nusu ya Maskati
zapita mkononi mwangu kabla ya kwenda kulala.
Ndiyo, kulala. Droo ya chini, karibu na mashine ya kahawa.

Usije Jumapili: barua za siku mbili zimerundikana
na nyuso za mabwana bado ziko Nizwa kwa wazazi wao.
Usije Alhamisi alasiri: mguu mmoja umo garini.
Njoo Jumanne, saa nne,
kanzu imepigwa pasi, jasho limekauka.
Simama kwanza dakika kumi kwenye kivuli cha benki ya jirani;
Juni ya hapa haimwachii mtu heshima yake.

Wasifu wako nimeusoma.
"Mchapakazi. Mwaminifu. Hodari wa kushirikiana."
Watu hao ninao mia nne ndani ya droo.
Niambie lile la Barka, duka la spea la Muhanna,
ulipohesabu vichujio vya mafuta usiku kucha
ukakuta vimepungua arobaini na kimoja
na ukajua vimetoka rafu gani.
Andika arobaini na kimoja.
Sifa hupita; hesabu humkalisha msomaji kitako.

Unasema huna mtu. Wenzio wana wasta,
ami wizarani, shemeji bandarini.
Sikatai. Nimewaona wakipita hapa bila kusaini kitabu.
Wengine nimewaona wakitoka na sanduku la vitu vyao,
maana anayebebwa hajui urefu wa safari.

Lakini watu unao, ila huwahesabu.
Yupo Biju, mpika chai wa ghorofa ya tatu,
Kiswahili chake kakiokota kwangu, neno neno.
Yeye hujua kiti kipi kitabaki kitupu
kabla mwenye kiti hajajua.
Mwaka jana binti yake alifaulu uuguzi.
Peremende tulikula sote,
jina la mtoto hakuna aliyeuliza.
Anaitwa Remya.
Usimuulize Biju habari za kiti. Muulize habari za Remya.
Kiti kikija, kije; kisipokuja,
umepata mtu wa kukujulia hali katika mji huu.

Na siku ukiitwa, ukiulizwa mshahara,
usiseme "chochote mtakachonipa".
Mimi nilisema hivyo.
Chochote walinipa.

Hapa, Azzani, ndipo ninapotaka kunyamaza, siwezi.
Mwezi uliopita Bi Thuraya wa utumishi aliaga, kaolewa Sohar.
Biju aliniletea habari mapema, pamoja na chai.
Siku tatu nikapokea maombi ya kazi ile,
nayapanga kwa tarehe, nagonga mhuri,
mimi ninayefundisha watoto wa watu kubisha hodi
na mwenyewe sijawahi kuinua kidole.

Siku ya nne nikakaa na daftari.
Nikahesabu barua zilizotaka kutoka na jina lisilo lake,
nikazizuia mlangoni kabla ya aibu:
kumi na saba.
Nikaandika kumi na saba. Mkono ukatetemeka,
utadhani namsingizia mtu.

Bahasha yangu imo na za wenzangu.
Ningeweza kuiweka juu, funguo ninazo.
Nimeiweka kwa tarehe yake.
Ni ya thelathini na sita.

Kesho Jumanne, wameniita. Saa nne.
Pasi iko moto, nakuacha.
Nipigie jioni, lakini kazi usiitaje mwanzo.
Niulize hali.