Sabato Isiyo na Machweo

Hapa Tromsø jua liliaga mwezi wa Novemba
bila kusema litarudi lini.
Sasa tunaingia Sabato kwa saa ya ukutani:
kumi na mbili jioni, ndivyo tulivyopatana kanisani,
maana kungoja machweo
kungetufikisha Januari tungali kazini.

Wiki hii nimesahihisha sehemu na desimali
hadi kalamu nyekundu ikanifuata ndotoni.
Sindre alitapika katikati ya ibada ya asubuhi.
Mashine ya nakala ilimeza mtihani wa darasa la sita,
na mama yake Oddny akaniuliza, mbele ya watu,
kama shule ya Kikristo hufundisha watoto kupoteza glavu.
Nilicheka. Kisha nikajifungia stoo ya mifagio,
nikahesabu hadi ishirini. Nikarudia.

Juzi niliwafundisha amri ya nne
huku nikiibia saa jicho.

Kumi na mbili kasorobo. Madaftari thelathini na moja
yamo begini, nusu hayajafunguliwa.
Nayatoa nje, kwenye baridi,
yakae na buti na sepetu ya theluji.
Nafunga mlango.
Yakiganda, na yagande.

Aslaug wa ghorofa ya chini ameleta mkate wa iliki
na supu ya njegere.
Haulizi habari za shule.
Tunawasha mshumaa mmoja, mfupi, wa wiki iliyopita.
Dirishani giza ni lilelile la mchana,
halina habari.
Aslaug anaomba taratibu, jina kwa jina,
nami, kabla hajafika amina,
nimeshasinzia,
kijiko mkononi.