Bwana Ndiyo

Walituita kwa taa.
Ndahani alisimama mlangoni, kidole kwenye swichi,
akaizima, akaiwasha, akaizima,
na vichwa ishirini na sita vikageuka pamoja
kama mtama wa Nzuguni upepo unapouamua.
Mimi niligeuka wa mwisho.
Sikuwa nimezoea kuitwa kwa namna ninayoiweza.

Kwenye fomu palikuwa na visanduku viwili:
Kiziwi. Asiyesikia vizuri.
Nikazungusha kalamu hewani, nikaacha vyote wazi.
Miaka kumi na tisa nimeishi katika uwazi huo.
Homa ya uti wa mgongo ilinikuta darasa la tano, Kibaigwa,
ikaniachia sikio la kushoto, nalo si lote:
ngoma naipata, jina langu silipati.

Basi nikajifunza kuitikia.
Ndiyo kwa mwenye nyumba. Ndiyo kwa daktari,
vidonge vitatu mara moja au kimoja mara tatu, ndiyo.
Sokoni, kwenye mizani, niliuza magunia kumi na moja ya mahindi
kwa bei niliyoiitikia, siyo niliyoisikia,
na nilipohesabu noti nikatabasamu,
maana tabasamu haliulizwi maswali.

Siku ya pili wakanipa jina.
Mbeleje wa Mvumi, fundi cherehani, alinitazama sana,
akagusa kidevu, akatikisa kichwa juu chini, juu chini.
Ukumbi mzima ukacheka kwa mabega.
Nilitaka kukasirika.
Jina likanikaa kama shati la kupimiwa.

Tulijifunza mambo ya karatasi:
bajeti ya kata hupangwa lini,
barua inaanzia kwa nani, nakala inabaki wapi.
Usiondoke bila muhuri, alirudia Ndahani,
ngumi ikigonga kiganja: muhuri, muhuri.
Tukachagua mwenyekiti, na hapo tukakwama:
aliyenyoosha mkono anapiga kura au anaomba kusema?
Chilongani akavua kofia yake, tukapiga kura humo kwa punje za karanga.
Kura mbili ziliharibika kwa kuliwa.

Siku ya tatu, jioni, Mbeleje alikuwa anajaribu hotuba yake.
Alikuwa amefika pale nesi alipomwandikia "subiri",
naye akasubiri, na mtoto hakusubiri,
umeme ukakatika.

Anayesikia halijui giza hilo.
Kwenu giza huficha nyuso. Kwetu lilikata ulimi.
Sentensi ilibaki mikononi mwake, nusu.
Mimi mwenye sikio moja nilisikia viti vikisogea,
upepo ukisukuma bati,
na pumzi za watu walionyamazishwa na waya uliokatika sijui wapi.
Kisha mkono ukatafuta mkono wangu, ukaufungua,
kidole kikaandika kiganjani, herufi moja moja:
N I M A L I Z E ?
Ndiyo, nikaandika.
Katika ndiyo zangu zote, hiyo ndiyo ya kwanza niliyoielewa.
Tukawasha tochi za simu, tukammulika mikono,
si uso, mikono,
akaendelea kutoka pale pale alipokatwa.

Jumatatu, ofisi ya kata.
Mtendaji alimuuliza mkalimani: "Anasemaje huyu?"
Mbeleje akapitisha kiganja mbele ya macho yake, taratibu,
kama anayefuta ubao,
akajigusa kifuani.
Mtendaji akamtazama. Barua akaivuta kwake, muhuri hakuushika.
Akanigeukia mimi, akasema kitu,
haraka, kalamu ikiwa mdomoni.

Shingo yangu ilianza yenyewe, juu,
nikaishika.
"Sijasikia," nikasema,
kwa sauti nisiyojua kimo chake.
"Toa kalamu mdomoni. Rudia."