Hamna Karafuu Ndani

Sista Godeliva aliibana chupa kati ya magoti,
siku ya kupima, shamba la misheni, Machui,
vidole vyetu vingali vyeusi kwa utomvu,
mgongo wangu ungali juu ya mkarafuu
ingawa mie nilikwishashuka.

Kizibo kilifungwa waya
kama mdomo wa mbwa wa kuazima.
Kikaruka, kikampata Desideri shavuni.
Aliyecheka zaidi ni Desideri mwenyewe.

"Bia ya kwetu shambani," akasema.
"Kaka huipika miezi ya theluji, bandani kwa ng'ombe,
ikalala kizani hadi mavuno.
Zamani ilikuwa kinywaji cha vibarua.
Kila shamba na yake, hakuna aliyeiga."

Akahesabu anazozipenda, kama mtu ahesabuye wajomba:
ya kaka yake, kavu, inayokausha ulimi
mpaka ulimi wenyewe uombe tena;
ya mjane Wivina, aliyetia ngano mwaka shayiri ilipokosa
na hakuacha tena, ina ukungu kama maji ya kuoshea mchele;
na ya mpiga kengele wa kanisa lao,
iliyochacha kidogo kwa uzembe.
"Hiyo ndiyo hasa. Mungu anisamehe."

Akamimina.
Rangi ya chungwa lililopigwa jua upande mmoja.
Povu likasimama, likakataa kukaa,
kama mgeni aliyesikia ugomvi jikoni.

Nikaonja. Ikanichoma puani,
ikaja pilipili manga, ikaja ganda la ndimu,
halafu, nyuma kabisa, ikaja yeye.

"Mmetia karafuu."
"Hamna."
"Sista, mie nachuma tangu sijang'oa jino la kwanza.
Naijua kwenye mto wa kulalia,
naijua kwenye shingo ya mume wangu."
"Hamna hata punje, Leokadia.
Ni hamira. Ikipata joto
huizaa harufu hiyo yenyewe."

Yenyewe!
Na Bonavita mwaka jana alianguka na tawi,
mguu ukaunga kombo,
kwa harufu ambayo huko kwao
huzaliwa bandani, ng'ombe wakicheua,
bila ngazi, bila jamvi,
bila mtu kutazama mawingu.

Nikamweleza habari ya baba.
Baba alikuwa mgema.
Tembo lake asubuhi ni maziwa ya mtoto,
adhuhuri linaanza kujibu,
magharibi lina kisu.
Hakutia hamira; hamira ilikaa kibuyuni,
ndiyo maana hakukiosha, na mama akanuna miaka yote.
Alisifiwa sana baba, wala hakulitia maji.
Waliotia maji ni wanunuzi.

Kisha nikauliza, sijui kwa nini:
"Na wale vibarua, walilipwa nini?"
"Mkate. Sarafu kidogo. Na hii."
"Majina yao yapo?"
Akaizungusha bilauri.
"Kaka ana daftari," akasema,
"lina kila ndama tangu enzi ya babu."
Hakuendelea.
Desideri akajipapasa shavu.

Karani akaita: Leokadia, pishi ngapi?
Tisa zangu.
Na nne za Bonavita,
alizochuma amekaa chini, matawi ya kuinama.
Usiandike "na mwenzake".
Andika Bonavita, andika na la baba yake,
kalamu ikiisha wino nitangoja.

Mashapo ya chini ya chupa hakuna aliyeyataka.
Nikayachukua, nikayamimina kibuyuni,
kile kile kisichooshwa,
juu ya tembo la jana.

Alfajiri lilikuwa limepanda hadi shingoni,
linasema peke yake.
Nikainama nikanusa.
Karafuu.
Au ni vidole vyangu.