Pipa la Bluu

Hapa Burngreave, Sheffield, nyumba zimebanana
kama punje kwenye gunzi;
mmoja akipiga chafya, wa tatu huitikia.
Zamani jambo hilo lilinikera.
Bi. Ogley wa namba thelathini na moja
aliijua siku ya mshahara wangu kwa uzito wa mifuko,
akajua nimekonda, akajua nimenunua viatu.
"Nimeuhama umbea Tanga," nilimwambia dada yangu kwa simu,
"nimeukuta umenitangulia huku,
umevaa koti la mvua."

Kisha Machi ikaja na kufuli zake.
Hoteli nilikotandika vitanda ikazima taa.
Nikawa nalala na nguo za jana.
Chai ikaota utando, nami naitazama ikiota.
Simu ikilia, naiacha ichoke yenyewe.
Sikulia. Kulia nako kunataka nguvu.

Jumatano ni siku ya pipa la bluu.
Jumatano ile langu halikutoka.
Basi, ni hilo tu:
pipa halikutoka,
na mtaa mzima ukaliona.

Ghazala alimpazia sauti Bi. Ogley toka ng'ambo ya barabara,
Bi. Ogley akamwuliza Tesfu, tunayegawana naye ukuta,
Tesfu akasema: siku ya tatu leo sijasikia maji yake.
(Kumbe kijana huyu huyasikiliza mabomba yangu!)

Ukutani: ngo, ngo, ngo.
Nikajifunika shuka.
Ngo, ngo, ngo.
Alipochoka Tesfu, akashika mdogo wake,
na mtoto hana adabu ya kukata tamaa.
Nikaokota kiatu, kile kile kipya,
nikagonga mara moja
ili waniache.

Hawakuniacha.
Mlangoni nilikuta supu ya dengu
ndani ya kopo la aiskrimu,
na karatasi: *Rudisha kopo.*
Bi. Ogley alisimama njiani, mpini wa fagio mbele yake
kupimia umbali ulioamriwa.
"Unatisha," akaniambia.
Ndilo neno la kweli la kwanza nililolisikia mwezi ule.
Nikalilia hapo hapo, kopo mkononi.

Sijapona, nisiwadanganye.
Ila ninamfikiria Mwanaidi, dada yangu, kule Croydon,
ghorofa ya kumi na nne,
ambako taka hutumbukizwa katika shimo moja,
za wote, bila jina, bila siku.
Nani atajua zake hazijashuka?
Kila usiku nampigia, nagonga kioo cha simu kwa ukucha
na kusubiri.
Jana alichelewa kujibu. Nilihesabu hadi arobaini.

Bi. Ogley naye hajaacha.
Juzi kaniuliza yule mgeni mwenye kofia ni nani.
Nikamjibu: hayakuhusu.
Akacheka hadi akakohoa, sote tukashtuka kwa kikohozi kile,
kisha akalivuta pipa langu hadi barabarani,
akiyasoma maboksi njia nzima.