Daftari la Mwezi wa Tano

Mei imeingia Ozaki, na seng'enge zimeota ndevu:
kila mwiba umeshika kishada, chekundu au cheusi,
na shomoro wanakuja kuchukua bila kuomba.

Baba mkwe, Verlon Haskew, amesimama langoni,
penseli sikioni, daftari kwapani.
"Soma," ananiambia. Nami nasoma ng'ombe.
Moja: amevua yote, anang'aa kama sufuria mpya.
Tano: huyo bado yuko Januari.

Kumi na saba, moja.
Thelathini na mbili, tatu;
shingo tupu, mgongo tupu,
ila mapaja bado yamevaa suruali ya sufi.
Ndivyo wavuavyo, huanzia shingoni, humalizia tumboni,
kama mlevi aliyelala uchi na soksi zake.

Nilidhani ni joto linalowaambia.
Si joto. Ni mchana, unaorefuka dakika mbili mbili
tangu theluji ingali juu ya paa la banda,
unapenya jichoni na kuuambia mwili: achia.
Wote waliambiwa siku moja.
Kusikia ni jambo jingine.

Ni damu, asema Verlon. Mama yake alichelewa, naye atachelewa.
Na ni nyasi hizi, alizopanda babu yake kwa furaha
kwa kuwa hazifi kwa kiangazi wala kwa kwato,
kumbe zimebeba kuvu ndani ya bua, haionekani, hainuki,
inabana mishipa na kuufuta ujumbe wa jua.
Mmoja anazila na kung'aa.
Mwingine anazila, na Julai inamkuta
bwawani, maji kifuani, ulimi nje, anahema.

Arobaini na moja.
Mtamba wa juzi tu, ndama wake wa kwanza ubavuni.
Manyoya yameshikamana kama mkeka ulionyeshewa.
"Tano," nasema.
Verlon anaandika, na pembeni anaongeza herufi: U.
Uza.

Subiri kwanza.
Mbavu zake nazihesabu kutoka hapa nilipo.
Alichokula tangu Februari kimekuwa maziwa,
na koti jipya lina gharama; la zamani halidai kitu.
Unajuaje kuwa ni damu, Verlon?
Mwaka niliojifungua Marlys
nilivaa koti lako la bandani hadi Juni,
wala hakuna aliyeniandika popote.

Hajibu. Anageuza penseli, upande wa kifutio.
Herufi inagoma kutoka yote, imeacha kivuli.
"Mpeleke kwenye klova," asema, akitazama kwingine.
"Tutamsoma tena."

Nafungua lango. Anapita taratibu, ndama nyuma,
nami nampitishia vidole nyuma ya sikio.
Fumba moja linatoka, jepesi, lina harufu ya nyasi kavu.
Natazama pale lilipotoka.
Labda kuna wekundu mfupi unaochipua.
Labda ni ngozi tu, na mimi ninayetaka kuona.