Mlio Mmoja, Kisha Kata

Chama chetu kinaitwa Tushikane Mikono,
na redio ikatangaza mikono isishikwe.
Tulicheka. Kemunto alicheka hadi akakohoa,
tukanyamaza wote tukimtazama,
naye akasema, Ni pilipili, jamani. Ni pilipili.

Huo ukawa mkutano wa mwisho
chumbani kwa Syombua, Huruma, gorofa ya tano:
wanawake kumi na mmoja, viti vitatu, kitanda kimoja,
daftari la buluu,
chai yenye tangawizi kuliko majani.

Si sote wenye simu za kupangusa.
Apondi ana mulika mwizi iliyofungwa kwa mpira,
namba tano haibonyezeki ila kwa ukucha.
Na bando ni pesa, na pesa ndiyo hiyo imepotea:
kibanda cha Nasambu kimefungwa,
kule Pangani hawamtaki tena mfuaji mlangoni.
Ndipo Syombua, mweka hazina, mtu wa hesabu zake,
akasema: mlio mmoja, kisha kata.
Kukata hakulipishwi.

Saa mbili usiku, kafyu imeshaufagia mtaa,
namba moja humlilia namba mbili,
mbili humlilia tatu,
kwa mpangilio uleule wa mzunguko wa pesa,
hadi kumi na moja amlilie Syombua, alale.
Asipokee mtu. Ukipokea umekula salio la mwenzako,
na faini ni shilingi ishirini.

Tulikuita kuliliana.
Mlio: nipo. Mlio: tumekula.
Mlio: homa ya mtoto imeshuka.
Au labda haukusema lolote kati ya hayo,
ni mimi niliyejaziliza, gizani, dirishani,
huku marungu yakipita chini.

Apondi ni namba sita. Mimi ni saba.

Jumanne moja ya Juni, saa mbili na robo, kimya.
Saa mbili na nusu, kimya.
Ng'ambo ya barabara mtu aligonga sufuria mara moja, akaacha.
Nikajiambia, betri.
Nikiri tu: Jumapili ile ilikuwa zamu yangu,
elfu tano taslimu,
na cherehani niliyoilipia nusu ikiningoja kwa fundi,
na siku hizo mwenye kunyamaza
alikuwa mwenye kuelekea kuomba.

Basi nikamlilia Nyakio, namba nane, kama kawaida.
Mnyororo ukaendelea.
Syombua akalala akijua tuko wote.
Ni mimi peke yangu niliyejua tundu lilipo.

Jumatano, vivyo hivyo.
Alhamisi, vivyo hivyo, na ile sufuria.

Ijumaa alfajiri, kafyu ilipofunguka,
nilivuka na barakoa ya kanga, nusu kilo ya maharagwe mkononi,
nikiwa nimejiandalia uongo wa kumwambia.
Alifungua mlango akiwa amejifunga leso kichwani kama mtu anayekwenda kazini.
Simu aliiuza mia nne. Ikawa unga, ikawa mafuta ya taa.
Sikuuliza mengine.
Yeye ndiye aliyeuliza:
Mbona uko hapa? Si nimekuwa nikikulilia?

Akaniashiria dirishani.
Sufuria, chini juu, na mwiko kando yake.
Saa mbili kamili, akasema, pigo moja.
Sikutaka uharibikiwe na mpangilio.

Nilikuwa nimeisikia. Usiku mara tatu.
Nilidhani ni mtu anayesugua masizi.

Kwenye daftari la buluu, ukurasa wa Juni,
jina langu limepigwa mstari, la Apondi limeandikwa juu yake,
na Syombua, anayeuliza kila senti,
hakuniuliza kwa nini.
Msinisifu. Fundi aliiuza cherehani
kwa mwanamke wa Kiamaiko,
na nikipita pale nikaisikia ikikimbia
bado natukana moyoni.

Siku hizi tunaketi tena kitandani kwa Syombua.
Kemunto akikohoa hatumtazami, au tunajaribu.
Apondi ana simu, namba zote zinabonyezeka.
Lakini ikitimu saa mbili simu yangu hulia mara moja,
ikakatika,
na mimi sisogei dirishani
mpaka nisikie sufuria.