Daftari la Kokoto

Ukurasa wa kwanza ni hesabu ya ndoo.
Bikombo, sita. Riziki Haji, nne na nusu.
Mwanaate, ndoo tisa, na tumbo la miezi saba
limemlalia magotini kama mzigo wa pili,
nyundo ikipanda, ikishuka.
Jua la Micheweni halina pa kujificha, wala sisi.

Ukurasa wa saba una wino mwingine.
Siku ile hatukubanja.
Gari ya Khatib ilikwama kabla haijafika Konde,
Wete bado, mbali kama Hija ya maskini,
chupa imeshapasuka, khanga zimeshalowa,
mkunga pekee ni mbaamwezi.
Mtoto alilia. Mamake hakumwitikia.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu;
na barabara ile inaujua, ila haijasema neno.

Arubaini ilipopita akaja tajiri
na lori lake, na bei yake ileile.
Bi Mafunda akapanda juu ya rundo, akakunja miguu:
"Hizi haziuzwi. Hizi za Mwanaate."

Basi sakafu hii, mwanangu, vua ndara.

Vyumba viwili, tangi la maji, taa ya jua,
kitanda kifupi, na mkeka kwa atakaye kupiga magoti.
Pazia kashona Riziki,
refu upande mmoja; tumeliacha vivyo hivyo.
Mama mkwe ruhusa kuingia, na uji wake wa pilipili manga.
Mume akae barazani, ajifunze kungoja.

Mize Faki, mkunga mwenye vyeti, miaka thelathini ya wodi,
huuliza kabla hajakugusa: "Niweke mkono?"
Bikombo alicheka mpaka uchungu ukasahau zamu yake.
Hajaulizwa hivyo tangu kuolewa.

Ukutani, kwa mkaa, namba ya Khatib.
Damu ikizidi, Mize habishani nayo.
Nyumba hii inajua inapoishia,
na gari hulala mlangoni, pua imeelekea Wete.

Kibali cha pili bado: wamesema choo kisogezwe.
Tutakisogeza.

Daftari jipya sikununua.
Chini ya "Bikombo, sita"
nimeandika: mwanamke, kilo tatu na robo, alfajiri.
Ukurasa wa saba sijauongeza kitu.
Mwenyewe huja hapa kila Ijumaa, ana miaka minne,
huchuchumaa penye kokoto zilizobaki,
akazihesabu kwa sauti: moja, mbili, tano.